Jinsi ya Kupima Thamani ya Jina la Kikoa kwa Jicho la Mnunuzi

Mwaka 2005, kampuni changa iliyojulikana kwa anwani ya thefacebook.com ililipa dola 200,000 ili ipate facebook.com. Ukiitazama biashara hiyo harakaharaka, utaona fedha nyingi zimetumika kuondoa herufi tatu. Ukikaa mahali pa mnunuzi, hesabu inabadilika: watu walikwisha kuzoea kuitaja huduma hiyo bila kile kijineno cha mwanzo, na kila aliyeiandika anwani kama alivyoisikia kwa wenzake alikuwa anabisha hodi kwenye mlango wa mtu mwingine. Bei ile ilitokana na hasara ambayo mnunuzi aliiona ikiongezeka kadiri alivyozidi kukaa bila jina hilo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya wazo hilo. Wengi wanaoingia katika biashara ya majina ya kikoa, yaani anwani za tovuti kama facebook.com, huanza na jina lenyewe: hulipenda, hulisajili, kisha huanza kumtafuta mtu wa kumuuzia. Nashauri uifuate njia hiyo kinyumenyume. Mtafute kwanza mtu ambaye kulikosa jina hilo kunamgharimu, ujue kunamgharimu kiasi gani, ndipo ulirudie jina na kulipima. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa utaratibu huo, na baadhi yake ni fupi kwa sababu hazina mengi ya kusemwa.

Hatua ya kwanza: mtaje mnunuzi

Kabla hujalipa hata ada ya usajili, chukua karatasi uandike majina ya kampuni, taasisi au watu ambao wangeweza kulihitaji jina unalolifikiria. Usiandike "mtu yeyote mwenye biashara ya mtandaoni", kwa maana huyo hayupo. Andika wanunuzi halisi ambao unaweza kuzifungua tovuti zao na kuziona.

Katika kazi hii utakutana na aina tatu za wanunuzi. Wa kwanza ni yule ambaye tayari anatumia jina hilohilo lakini refu zaidi, akiwa ameongeza neno mbele au nyuma kwa sababu jina fupi lilikwisha kuchukuliwa. Tesla iliishi miaka mingi katika teslamotors.com kabla ya kuhamia tesla.com mwaka 2016, na Elon Musk alisema baadaye kwamba jina hilo liligharimu takriban dola milioni 11. Wa pili ni yule anayetumia jina lilelile lakini kwa kiendelezi kingine (zile herufi za baada ya nukta ya mwisho), ambaye barua pepe zake hupotea kila mteja anapoandika .com kwa mazoea. Wa tatu ni yule ambaye hajaanza bado lakini amekwisha kuamua mradi wake utaitwaje. Mwaka 2019, kampuni ya MicroStrategy iliuza voice.com kwa dola milioni 30 taslimu. Mnunuzi alikuwa Block.one, iliyokuwa ikijiandaa kuzindua mtandao wa kijamii uitwao Voice. Neno hilo la kawaida lilipata bei ile kwa sababu mwenye fedha alikuwa amekwisha kufungamana nalo.

Yuko pia mnunuzi wa nne, ambaye ni adimu: yule anayenunua ili mpinzani wake asipate. HomeAway, kampuni ya kukodisha nyumba za likizo, ililipa dola milioni 35 kwa vacationrentals.com mwaka 2007, na mmoja wa waanzilishi wake alieleza baadaye kwamba hofu yake ilikuwa jina hilo kuangukia mikononi mwa Expedia, kampuni kubwa ya huduma za safari. Usijenge mipango yako juu ya mnunuzi wa namna hiyo, ila umkumbuke utakapofika kwenye bei.

Namna ya kuwatafuta wanunuzi hawa ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Andika neno lako kwenye mtambo wa utafutaji, kisha hesabu ni kampuni ngapi zinalo katika majina yao. Angalia pia neno hilohilo limesajiliwa katika viendelezi vingapi, na katika hivyo ni vingapi vina tovuti zinazofanya kazi kweli, siyo kurasa tupu zilizowekwa tangazo la kuuza. Neno lililosajiliwa katika viendelezi vingi na watu mbalimbali, kila mmoja akiwa na shughuli yake, limekwisha kupigiwa kura na soko. Neno lisilo na mwenyewe popote linakutaka ujiulize kwa nini watu wote hao walilipita. Mimi binafsi, nikishindwa kuorodhesha wanunuzi kumi wanaoonekana, jina hilo huliacha hata likiwa zuri namna gani.

Hatua ya pili: lijaribu jina sikioni

Majina husafiri kwa mdomo kabla hayajasafiri kwa maandishi. Mtu hulisikia jina redioni, kwenye gari, au kwa rafiki aliyelitaja katikati ya mazungumzo, na saa kadhaa baadaye huketi kuliandika kwa kumbukumbu. Kwa hiyo jaribio lisilo na gharama na lenye ukweli mwingi ni hili: mpigie simu mtu asiyejua unachokifanya, mtajie jina mara moja tu bila kumtajia herufi moja moja, kisha umwombe akutumie ujumbe wenye jina hilo kama alivyolisikia. Rudia kwa watu watano au sita wa umri tofauti. Kila atakayekosea anakuonyesha mteja ambaye mnunuzi wako atampoteza.

Jaribio hili lina mambo yake ya pekee unapolipima jina la Kiswahili. Kwa jumla lugha yetu ina bahati, kwa kuwa huandikwa kama inavyotamkwa, na neno kama "safari" au "habari" halimsumbui msikilizaji. Hata hivyo, iko mitego. Chukua neno "tiketi". Wako wanaoliandika hivyo na wako wanaoandika "tikiti", ambalo pia ni jina la tunda, na makundi yote mawili yana uhakika kwamba yako sahihi. Mwenye jina moja bila la pili atakuwa anawagawia wengine wageni wake, hivyo mnunuzi makini atataka yote mawili au atapunguza bei. Mtego mwingine ni ritifaa. Jina la kikoa huruhusu herufi, tarakimu na kistari peke yake, na kistari hakiwezi kusimama mwanzoni wala mwishoni. Kwa hiyo "ng'ombe" au "ng'ara" haviwezi kuandikwa kama vilivyo, na ukiiondoa ritifaa unalazimika kumweleza kila mtu kwamba umeiondoa. Yapo pia maneno yenye dh, th na gh, ambayo wasemaji wengi huyatamka kwa z, s na g na kuyaandika vivyo hivyo. Yapo na yale ambayo l na r hubadilishana nafasi kinywani mwa wasemaji wengi.

Kistari chenyewe hushusha thamani karibu kila mara, kwa sababu hakitamkiki. Ukisema jina lako redioni itakubidi uongeze maelezo, na msikilizaji asiyeyashika maelezo hayo ataishia kwenye tovuti ya mwenye jina lisilo na kistari. Tarakimu zina shida ya jamaa hiyohiyo: anayesikia "nne" hajui aandike 4 au aandike neno. Tarakimu tupu ni habari nyingine. Zina wanunuzi wake, hasa katika soko la China ambako namba hutamkika kwa urahisi kuliko herufi za Kilatini, ambako 8 hupendwa kwa kuhusishwa na utajiri na 4 huepukwa kwa kuwa matamshi yake hukaribiana na ya neno la kifo.

Hatua ya tatu: pima uzito wa maana

Jina linaweza kuwa na maana ya wazi, kama neno la kamusi linalotaja bidhaa au huduma, au linaweza kuwa la kubuniwa, likisubiri kupewa maana na mwenye kampuni. Aina hizi mbili hupimwa kwa mizani tofauti, na wanaozichanganya ndio hupata hasara kubwa.

Kwa jina lenye maana ya wazi, jiulize mteja mmoja ana thamani gani kwa mtu aliye katika shughuli hiyo. Mwenye kampuni ya bima, mkopeshaji, wakili au muuza nyumba hupata fedha nyingi kwa mteja mmoja anayekaa naye kwa muda, kwa hiyo anaweza kulipa sana kwa jina litakalomletea hata wateja wachache kwa mwaka. Muuza vitu vya bei ndogo hana nafasi hiyo hata kama neno lake linajulikana na kila mtu. Ndiyo sababu neno linalotafutwa mara chache lakini na watu walioshika pochi mkononi huweza kulishinda neno linalotafutwa na mamilioni ya watu wanaotaka kusoma tu na kuondoka.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu na ushauri uliopitwa na wakati. Kulikuwa na kipindi ambapo jina lililofanana kabisa na maneno yanayotafutwa lilipandishwa juu katika matokeo ya Google, na watu wakasajili majina marefu yaliyounganisha maneno manne au matano. Mwezi Septemba 2012, Google ilitangaza mabadiliko yaliyokusudiwa kuziondolea nguvu tovuti duni zilizotegemea ujanja huo. Majina marefu ya namna ile yalipoteza sehemu kubwa ya mvuto wake, lakini hata leo wako wauzaji wanaoyapigia debe kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Umoja na wingi ni jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Katika Kiingereza, umoja na wingi wa nomino nyingi hutofautiana kwa herufi moja tu ya mwisho, na mtu aliyekusudia jina moja huangukia jingine kwa urahisi, ndiyo maana wanunuzi wa huko hupenda kuyapata yote mawili. Katika Kiswahili wingi mara nyingi hubadilisha mwanzo wa neno: godoro na magodoro, kitabu na vitabu, mwalimu na walimu. Anayetaka godoro haandiki magodoro kwa kuteleza kidole. Majina hayo mawili ni viwanja viwili vinavyojitegemea, na swali la kujiuliza ni lipi kati yake linafuata namna watu wanavyosema. Duka linalouza aina nyingi litapenda wingi. Kampuni inayotaka jina lake liwe chapa ya bidhaa moja itapenda umoja. Usidhani kwamba kwa kuwa umoja ni mfupi basi daima ni bora.

Kwa jina la kubuniwa, maana haipo, hivyo kinachobaki ni sauti: silabi chache, irabu na konsonanti zinazopishana vizuri, na kutokuwapo kwa maana mbaya katika lugha nyingine kubwa. Soko la majina haya lipo, lakini ni la kubahatisha zaidi, kwa kuwa mnunuzi anayekataa jina lako la kubuni anaweza kubuni lake jioni hiyohiyo bila kulipa kitu.

Iko pia thamani inayotokana na wingi wa watumiaji wa neno moja. Neno "Delta" linatumiwa na shirika la ndege la Marekani na pia na watengenezaji wa mabomba ya maji ya bafuni na jikoni, na hakuna anayeweza kumzuia mwenzake kwa sababu shughuli zao ni mbali. Neno la namna hiyo lina wanunuzi wengi wanaoshindana, na ushindani ndio unaopandisha bei mnadani. Jina linaloweza kutumiwa na kampuni moja tu duniani ni hatari kwa mwenye kuuza, na sababu nyingine ya hatari hiyo nitaieleza katika hatua ya sita.

Hatua ya nne: hesabu herufi, lakini usiziabudu

Ufupi una thamani kwa sababu ya uhaba unaoweza kuhesabiwa. Michanganyiko ya herufi mbili ni 676, ya herufi tatu ni 17,576, na ya herufi nne ni 456,976. Majina yote ya .com yenye herufi mbili au tatu yalikwisha kusajiliwa zamani, kwa hiyo anayetaka kifupisho cha herufi tatu hana budi kumfuata mwenye nacho. Mwaka 2010 Facebook ililipa dola milioni 8.5 kwa fb.com, ambayo ilikuwa mali ya shirikisho la wakulima wa Marekani.

Hata hivyo, uhaba bila mtumiaji hauleti fedha. Mwishoni mwa mwaka 2015 wawekezaji kutoka China waliyanunua kwa wingi majina mafupi ya .com yasiyo na irabu wala herufi v, bei zikapanda kwa kasi kwa miezi michache, kisha zikaporomoka mwaka 2016. Walionunua kileleni walibaki na herufi nne zisizotamkika, zisizo na maana, na zisizo na mtu wa kuzitumia. Neno la herufi tisa linaloeleweka lina wanunuzi wengi kuliko herufi nne kama hizo.

Hatua ya tano: kipime kiendelezi kwa mazoea ya watu

Jina la kwanza la .com, yaani symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985, na leo majina yenye kiendelezi hicho yamezidi milioni 150. Kinachokipa .com thamani ni mazoea ya vidole: mtu asiyekumbuka kiendelezi huandika .com. Kampuni ya Overstock ililijua hilo baada ya kulipa gharama. Mwaka 2011 ilijitangaza kwa nguvu kwa jina fupi la O.co, na wateja wengi wakawa wanaandika o.com, anwani ambayo wakati huo haikuwapo kabisa, kwa kuwa majina ya .com yenye herufi moja yalizuiwa kusajiliwa tangu miaka ya 1990, isipokuwa machache yaliyotangulia, mfano x.com. Kampuni ikarudi kwenye jina lake refu. Hapo kiendelezi kisichozoeleka kiliishinda bajeti ya matangazo ya kampuni kubwa.

Baada ya .com, kiendelezi cha nchi huwa na nguvu ndani ya nchi yake, kwa kuwa humwambia mteja kwamba mwenye tovuti yuko karibu. Viendelezi vingine vya nchi vimepata maisha ya pili kwa sababu ya kufanana na neno au kifupisho: .tv ya Tuvalu hutumiwa na watu wa video, .io ilipendwa na waandika programu, na .ai ya Anguilla imekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya serikali ya kisiwa hicho tangu mifumo ya akili unde ipate umaarufu. Majina mazuri ya .ai huuzwa kwa fedha nyingi. Mnunuzi mwangalifu lakini hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiendelezi cha nchi kiko chini ya kanuni za nchi hiyo. Mwaka 2010 mamlaka za Libya zilifuta jina vb.ly kwa madai kwamba matumizi yake yalikiuka sheria za huko. La pili ni kwamba nchi yenyewe inaweza kutoweka pamoja na kiendelezi chake, kama .yu ya Yugoslavia ilivyoondolewa mwaka 2010.

Kuhusu viendelezi vipya vilivyofunguliwa kuanzia mwaka 2013, ambavyo vimezidi elfu moja, nina neno moja la tahadhari. Kabla hujanunua, soma ada ya kulihuisha jina kila mwaka. Waendeshaji wa viendelezi hivi huruhusiwa kuyatenga maneno mazuri na kuyatoza ada kubwa, si mara ya kwanza tu bali kila mwaka, na jina linalodai mamia ya dola kwa mwaka linakula thamani yake lenyewe. Mnunuzi naye ataiona ada hiyo na kuikata katika bei atakayokupa.

Hatua ya sita: hakikisha huuzi mali ya mtu

Hatua hii haina njia ya mkato. Tafuta jina lako katika kanzidata za alama za biashara, kuanzia ile ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, na zile za nchi ambako wanunuzi wako wako. Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya kikoa duniani, wa kusuluhisha migogoro ya majina, unaojulikana kwa kifupi UDRP, na WIPO peke yake imeshughulikia makumi ya maelfu ya mashauri chini yake. Mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba mwenye jina hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba jina lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya. Akishinda, jina huhamishwa kwake au hufutwa, nawe hulipwi chochote.

Wanaoanza huteleza katika jambo hili kuliko jingine lolote, kwa sababu kusajili jina kwa lengo kuu la kumuuzia mwenye alama ya biashara kwa bei inayozidi gharama zako kumetajwa wazi katika utaratibu huo kuwa ni ushahidi wa nia mbaya. Yaani ile barua unayoituma kwa furaha, "ninalo jina la kampuni yako, nilipe kiasi fulani", ndiyo itakayokushtaki. Nchini Marekani ipo pia sheria ya mwaka 1999 inayoiruhusu mahakama kutoza fidia ya kati ya dola 1,000 na dola 100,000 kwa kila jina. Ndiyo maana nimesema kwamba jina lenye mnunuzi mmoja tu duniani ni la hatari: mara nyingi mnunuzi huyo tayari ni mwenyewe. Neno la kawaida linalotumiwa kwa maana yake ya kawaida, na ambalo watu wengi wanaweza kulihitaji, lina usalama zaidi na lina bei nzuri zaidi, na mambo hayo mawili yana chimbuko moja.

Hatua ya saba: chunguza jina lilikotoka

Jina lililowahi kutumika lina historia kama nyumba ya zamani. Lifungue katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa inayoanzia mwaka 1996, utazame lilikuwa na nini mwaka hadi mwaka. Biashara halali iliyofungwa kwa heshima ni historia nzuri, na tovuti zinazoelekeza wasomaji huko bado zina faida. Ukikuta kurasa za kamari, dawa bandia au maandishi yaliyozalishwa kwa mashine, simama. Angalia kama jina liko katika orodha za watumaji wa barua taka, maana mnunuzi atakayegundua kwamba barua pepe zake haziwafikii wateja atadai fedha zake.

Angalia pia umiliki wenyewe. Majina huibwa. Jina moja maarufu la .com lilihamishwa mwaka 1995 kwa barua ya kughushi, na ilimchukua mwenyewe miaka kadhaa mahakamani kulirudisha. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani ikakubali katika kesi hiyo kwamba jina la kikoa ni mali inayoweza kuporwa kama mali nyingine. Ukiona jina la thamani kubwa limebadilisha msajili (kampuni ambako jina limesajiliwa) na mmiliki ndani ya wiki chache na sasa linauzwa kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji alilipataje, na usilipe mpaka akuonyeshe.

Hatua ya nane: tafuta bei kwa kulinganisha

Makadirio yanayotolewa na mashine yana manufaa kidogo, kwa kuwa mashine huhesabu herufi na mara ambazo neno hutafutwa, lakini haimjui mnunuzi wako. Bora uende kwenye rekodi za mauzo. NameBio hukusanya bei za majina yaliyouzwa hadharani, na humo unaweza kutafuta neno lako, maneno ya shughuli hiyohiyo, urefu uleule na kiendelezi kilekile. Chukua mauzo kumi yanayofanana kweli na jina lako, yatupe yaliyo juu kabisa, kisha uyatazame yaliyobaki.

Unaposoma rekodi hizo kumbuka kwamba mauzo mengi hufanyika faraghani, na yanayotangazwa sana ni yale ya ajabu. Kumbuka vilevile kuuliza kilichouzwa ni nini hasa. Insurance.com hutajwa kuwa iliuzwa kwa dola milioni 35.6 mwaka 2010, lakini QuinStreet, iliyonunua, ilipata pamoja na jina hilo tovuti yenyewe na teknolojia yake. Kulichukua jina tupu na kulilinganisha na biashara iliyokamilika ni kujidanganya.

Tenganisha pia bei mbili ambazo kila jina linazo. Iko bei ambayo mfanyabiashara mwenzako angekulipa leo ili naye aliuze baadaye, na iko bei ya mwenye kulitumia, ambayo huweza kuwa mara kumi ya ile ya kwanza lakini haijulikani itakuja lini. Unaponunua, jitahidi usivuke bei ya kwanza. Unapouza, subiri ya pili kadiri mfuko wako unavyoruhusu.

Hatua ya tisa: jumlisha gharama ya kungoja

Tuchukulie una majina 100 na kila moja linahuishwa kwa dola 10 kwa mwaka. Hiyo ni dola 1,000 kila mwaka, uuze au usiuze. Wazoefu wa kazi hii huzungumzia kuuza jina moja au mawili kwa mwaka katika kila majina mia. Ukiuza moja, basi hilo moja lilipe dola 1,000 za uhuishaji, lirudishe bei uliyolinunulia, lilipe kamisheni ya soko unakoliuzia, na ndipo uanze kuhesabu faida. Jina ambalo katika makadirio yako ya kweli haliwezi kuzidi dola 500 kwa mtumiaji haliwezi kubebwa na hesabu hiyo, hata likiwa linakupendeza. Pitia orodha yako mara moja kwa mwaka ukiwa na kalamu, na kila jina lisiloweza tena kutajiwa wanunuzi liache muda wake uishe.

Hatua ya kumi: kabidhi bila kupoteza

Mnunuzi akikubali, tumieni huduma ya amana inayosimama katikati yenu. Mnunuzi hulipa kwa huduma hiyo, nawe unathibitishiwa kwamba fedha zimefika. Baada ya hapo unaliondolea jina kufuli kwa msajili wako na kumpa mnunuzi msimbo wa uhamisho. Mnunuzi akithibitisha kwamba jina liko mikononi mwake, fedha huachiliwa kwako. Kabla ya kuanza, angalia kama jina limesajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita, kwa sababu katika viendelezi vya jumla, kama .com, huenda likawa limefungwa lisihamie kwa msajili mwingine mpaka siku hizo ziishe. Mweleze mnunuzi jambo hilo mapema, au mkabidhiane ndani ya msajili huyohuyo, na msimbo wa uhamisho usiutume kwa mtu yeyote kabla huduma ya amana haijakuthibitishia kwa maandishi kwamba fedha imezipokea.